Macho Yangu na Barua ya Ndahani

Kama kope zako zimegeukia ndani, najua umekaaje sasa hivi. Umeligeuzia jua mgongo, umeinamisha kichwa, na mkononi una kipande cha nguo cha kufutia machozi. Usijitese kusoma haya mwenyewe. Mwite mtu akusomee polepole, ukichoka mwambie anyamaze. Mimi ni Mama Ndahani, wa upande wa Mvumi, na nilikaa hivyo hivyo misimu kadhaa. Leo naandika kwa kalamu ya risasi niliyopewa misheni. Ukisikia kwamba mistari yangu inapanda na kushuka, lawama ni za mkono, macho yametimiza kazi yake.

Sitakueleza ugonjwa huu unatoka wapi. Bibi wa dawa, yule Mzungu wa misheni, alinieleza habari za nzi na vumbi na kitambaa kimoja kinachofuta watu watano, nami nikaitikia kwa adabu. Nitakueleza jambo jingine, yaani jinsi mtu anavyokwama, na jinsi nilivyojikwamua, ingawa sikujikwamua peke yangu.

Mwanangu Ndahani alisoma shule ya misheni, kisha akaenda kufanya kazi kwenye reli ya Wadachi wakati ilikuwa bado haijafika kwetu. Barua zake zilikuja kwa Mwalimu Petro, na Mwalimu alizisoma barazani baada ya ibada, kwa sauti, mbele ya watu wote. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu. Barua ilikuwa mali ya kijiji, kwa sababu kila barua ilibeba salamu za watu ishirini. Basi nilizipokea salamu za mwanangu katikati ya umati, huku mama mkwe wangu akiuliza kila mara kwa nini mjukuu wake hasemi anakula nini huko.

Nilitamani barua moja tu iwe yangu. Kwa tamaa hiyo nikaingia darasa la watu wazima, mimi na Kiswahili changu cha kununulia chumvi. Ukutani zilitundikwa karatasi kubwa zenye maandishi. Mwalimu aligusa kwa fimbo, akatamka, sisi tukarudia. Sasa, kwetu Ugogo mtu akisikia jambo mara mbili analirudisha zima. Bibi yangu alikuwa akisimulia hadithi ya siku tatu bila kuruka hata neno moja. Kwa hiyo kabla kiangazi hakijaisha nilikuwa nimemaliza karatasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Fimbo ikigusa, mimi nilishatamka. Mwalimu alifurahi, nami nikamwomba amwandikie Ndahani maneno haya: mama yako sasa anasoma.

Sikuwa nadanganya. Nilidhani kusoma ndiko huko.

Mwanzoni mwa kifuku, mvua za kwanza zikiwa zimeshuka na sisi tuko kwenye kupanda uwele, barua ikaja. Mwalimu Petro aliigeuza barazani, akasoma maneno ya juu: "Ya mama yangu. Asome yeye peke yake." Watu wakaguna. Nikainuka, nikaipokea kwa mikono miwili, nikaenda nayo nyumbani kichwa juu, nikijikwaa njia nzima, maana macho yalikuwa yameanza kuniuma tangu mavuno. Nikaketi mlangoni pa nyumba yetu ya tembe. Baba Ndahani, mume wangu, akasimama upande huu, mama mkwe upande ule, wananingoja.

Nikaifungua, na ile karatasi ikanyamaza. Niliitazama mpaka machozi yakanitoka, nusu ya maradhi na nusu ya hofu. Sikusikia chochote, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyenitamkia kwanza. Nikawaambia macho yanauma, nitasoma kesho. Ilikuwa kweli kwamba yanauma, nami nikajificha nyuma ya ukweli huo.

Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu kabla ya darasa, nikamwambia kuna kitu kimeharibika kichwani mwangu. Akafikiri kidogo. Akaishusha karatasi ya pili, akaitundika tena, akaniomba nisome. Niliisoma yote bila kosa. Alitabasamu kidogo, kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Mama," akasema kwa upole, "hiyo nimeitundika miguu juu."

Alijitolea kunisomea barua, faragha, na mlango umefungwa. Nikakataa. Mwanangu alisema nisome peke yangu, na amesema hivyo kwa sababu nilijisifu. Kama kuna neno alilolificha kinywa cha Mwalimu kisilibebe, mimi ni nani nilipeleke kwenye kinywa hicho hicho? Nikaikunja, nikaitia ndani ya kibuyu kidogo chenye kizibo, nikakitundika juu ya kitanda changu cha ngozi.

Hapo ndipo nilipokwama. Ili nisome barua ilinibidi nijifunze upya tangu mwanzo, na ili nijifunze ilinibidi nione. Kila siku kope zilikwaruza mboni kama mtu ananifagilia mchanga jichoni. Nilikwenda darasani na kanga kichwani, nikaketi nyuma, nikaona ukutani ukungu mtupu. Waliokuja baada yangu walinipita. Baada ya mvua kushika sawasawa, nikaacha kwenda.

Dawa ya kwanza ilikuwa mrututu. Bibi wa dawa alinipindua ukope, akasugua lile jiwe la buluu ndani yake. Sitakudanganya, unauma. Shika kitu. Mimi nilishika ukingo wa benchi, na kama bado lipo utakuta nimelilainisha. Wakati uwele unatoka masuke nilikuwa nimesuguliwa mara nyingi mno nisizikumbuke, na uchafu ulikuwa umepungua, lakini kope zenyewe ziliendelea kuchoma.

Kwa hiyo zikang'olewa. Kwetu kila mwanamume mchungaji hutembea na kibano cha kutolea miiba, na Baba Ndahani ni mtaalamu wa miiba. Bibi alimwonyesha mara moja, basi ikawa kazi yake. Kila baada ya siku chache alinilaza kichwa pajani pake, jua likiwa upande wa nyuma ya nyumba, akazitafuta moja moja. Mtu huyu ana mikono ya kubeba nguzo za kujengea. Nilimwambia asipopumua atakufa kabla yangu. Alikuwa anashusha pumzi baada ya kila ukope, kama amevuka mto. Zikaota tena, akazing'oa tena. Nimeolewa naye miaka mingi, lakini nadhani tulifahamiana kwenye kibano kile.

Hata hivyo tuligombana. Aliniuliza barua itakaa kibuyuni mpaka lini. Labda mtoto anaumwa. Labda amefungwa na Wadachi. Nikamwambia mgonjwa haandiki asome peke yake. Akasema mimi nina kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia, nami nikamjibu kwamba yeye ndiye aliyenichagua. Alitoka akaenda kwa ng'ombe, akarudi jioni na maziwa, akaniwekea kando yangu. Nilijua ana haki. Uwele ulivunwa, mtama ukavunwa, na kila nilipokitazama kile kibuyu niliona aibu.

Jambo lililotusumbua zaidi nyumbani lilikuwa maji. Bibi aliniagiza ninawe uso mara tatu kwa siku. Wewe wa huku unajua maji yetu. Kiangazi yanachimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, yanachotwa kwa kata, ndama wanakunywa kwanza, na kinachobaki kinabebwa kichwani mwendo mrefu. Mama mkwe wangu alikuwa mlinzi wa mtungi. Mara ya kwanza aliponiona ninanawa mchana alisimama akanitazama mpaka nikamaliza.

"Ng'ombe hawaoshwi uso," akasema, "na wanaona mpaka Kilimatinde."

Tangu siku hiyo kata ikahamia upande wake wa nyumba. Nilinawa asubuhi tu, kwa kiganja kimoja. Simlaumu. Aliwahi kuona mwaka wa kiu akiwa na watoto wadogo, na mtu aliyeona hayo haoni uso mchafu kuwa ugonjwa.

Kiangazi kilipokaza, Bibi akasema atakuja daktari wa misheni anayezunguka, mara moja tu, na wenye kope zilizopinduka atawakata. Tukajaa kwenye baraza ya nyumba ya dawa. Ungetuona ungecheka. Watu wote tumegeukia ukutani, kwa sababu mwanga wa uani ulikuwa unachoma, kwa hiyo anayepita aliona safu ya migongo tu. Tulifahamiana kwa sauti. Jirani yangu upande wa kulia alikuwa mama mmoja Mrangi, Mwislamu wa Kondoa, aliyeletwa na kaka yake mfanyabiashara. Hatukuonana uso. Alikuwa na asali kwenye kichupa cha mwanzi, na kila nilipoguna alinitafuta mkono akanitilia tone kiganjani.

Nilimwambia yote, habari za barua na karatasi ya miguu juu. Alicheka mpaka akaumia macho, nami nikacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kulicheka jambo lile. Kisha nikamwambia nimekata tamaa, hata nikipona nitakuwa nyuma ya watoto.

"Mimi siulizi nitapona lini," akasema. "Jana nilikuwa wa saba kutoka mlangoni. Leo ni wa nne. Hiyo inanitosha kwa leo."

Kisha akaitwa, akawa wa kwanza, akaingia. Sikumsikia tena. Nilisogea nikakaa mahali pake, na ubao ulikuwa bado una joto lake.

Nilikatwa macho yote mawili. Kisu chenyewe kilikuwa cha haraka, kungoja ndiko kulikokuwa kurefu. Wakanishona, wakanifunga vitambaa, wakasema nisifunguliwe mpaka Bibi aseme. Nikapelekwa nyumbani nimelala juu ya machela, kwenye giza kamili, na mchana wote nilisikia kuku na mabishano ya mama mkwe na ndama. Siku ya tatu nililia kwa kujihurumia. Nilikuwa sijakwama vile maishani mwangu.

Siku hiyo Baba Ndahani aliketi kando ya kitanda akaniwekea kitu mapajani. Kilikuwa kibuyu, si kile cha barua, kingine kikubwa zaidi. Akanishika kidole cha shahada akakipitisha juu ya ganda lake. Palikuwa na mfuo uliochongwa kwa ncha ya kisu, ukizunguka na kurudi ulikoanzia.

"Zizi," akasema.

Nikauliza zizi gani. Akasema amekwenda kwa Mwalimu, Mwalimu amemchorea zile alama kwa mkaa juu ya ubao, na hii ya kwanza inaitwa O, lakini yeye ameona ni zizi la ng'ombe. Mume wangu hajui kusoma. Alizinakili jinsi anavyonakili alama za masikio ya ng'ombe, na katika hizo hajawahi kukosea. Kesho yake akachonga T, akaniambia ni nguzo ya tembe na boriti yake. S ilikuwa nyoka. M ilikuwa vilima viwili, N kilima kimoja na nusu. E ilikuwa reki ya kukusanyia mavi ya ng'ombe, imepungua meno. Kila siku moja, haikuzidi. Niliomba mbili, akakataa. Akasema akinipa mbili nitaanza kuziimba.

Alinijua. Alama iliyo chini ya kidole haiimbiki. Nilizipapasa siku nzima, nikazichora kwa kidole kwenye unga wa mtama uliotandazwa kwenye ungo, nikazifuta, nikachora tena. Nikikosea nilisikia kwa kidole kabla hajaniambia. Kama ningekuwa na macho mazima, nadhani ningebaki mwimbaji mpaka kufa.

Vitambaa vilipofunguliwa, cha kwanza kuona kilikuwa uso wa Baba Ndahani. Nikamwambia amezeeka. Akasema yeye amekuwa akiniona hivyo siku zote na hakulalamika. Mwanga uliniuma, lakini kope zilikuwa zimetazama nje, na nilipopepesa hakuna kilichonikwaruza. Nilipepesa asubuhi nzima kwa raha tu.

Usifikiri nikaikimbilia barua nikaisoma. Nilikwama tena. Herufi za kibuyuni zilisimama kila moja peke yake, lakini mwandiko wa Ndahani ulishikana mikono kama wacheza ngoma. Siku ya kwanza sikupata hata neno. Nikaitupa chini. Baba Ndahani akaiokota, akaifuta vumbi, akanirudishia upande wa maandishi ukiwa umeelekea kwangu. Akasema leo tuhesabu kope, yaani moja moja. Nikamkumbuka yule Mrangi na benchi lake.

Basi ikawa hivi. Kila siku wakati uji unachemka tuliketi nyuma ya nyumba. Mimi nilikaa na karatasi, yeye na kibuyu, amenipa mgongo ili asiione barua isiyokuwa yake. Nikikwama nilisema, "Nipe yenye mkia," naye alizungusha kibuyu mpaka akaipata, akanipitishia nyuma bila kugeuka. Siku ya kwanza nilipata "Mama". Siku ya tatu nilipata "keti". Kuna siku nilipata neno moja, na siku mbili za upepo nisipate kitu. Sikuruka kwenda mwisho. Pepo za vumbi zilikuwa zinakwisha nilipofika kwenye jina lake chini, na siku hiyo nikairudia yote tangu juu, kwa sauti ya ndani, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mwanangu akisema nami peke yangu.

Aliandika hivi:

"Mama, kama uko peke yako, keti. Nimeoa. Mke wangu ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, na ni mtu mwema. Sikuweza kuyasema barazani. Najua bibi yangu na watu wa misheni watasema nini. Ana mimba. Akizaliwa wa kike nitampa jina lako la utoto, Nyemo. Reli ikifika Dodoma tutakaa pale, karibu na stesheni. Nataka kuwaleta kwako lakini naogopa. Nitangoja jibu mpaka uwele uvunwe. Ukinyamaza, nitaelewa, na sitakusumbua tena."

Uwele ulikuwa umevunwa zamani, hata ghala lilikuwa limefika katikati.

Nyemo. Tangu nimzae Ndahani hakuna aliyeniita jina hilo. Nililia, na Bibi wa dawa alikuwa amenikataza kulia. Baba Ndahani alibaki amenipa mgongo, ameshika kibuyu, hageuki. Nikaona kwamba mtu huyu amestahili. Nikamwambia ageuke, nikamsomea yote. Akauliza kama mtoto atakuwa ameshazaliwa. Nikamwambia atakuwa ameshaota meno.

"Basi andika," akasema. "Usimpe Mwalimu aandike."

Niliandika siku nzima, karatasi juu ya ungo, kibuyu pembeni. Haya ndiyo yaliyotoka: "Nimesoma mwenyewe. Nimechelewa kwa macho. Njooni wote. Nyemo." Tarishi wa misheni akaenda nayo Dodoma, ambako reli ilikuwa imeshafika, atafute kwa watu wa stesheni.

Mama mkwe nilimwambia asubuhi iliyofuata. Alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaenda kukaa upande wake wa nyumba, na kwa siku mbili hakunisemesha. Zikapita siku nyingine. Nilijua Ndahani huenda ameshahama, ameshanikata moyoni. Nilikuwa natoka kutazama njia ya Dodoma, ambayo miezi ile yote nisingeiona, na niliiona nyeupe, tupu, mpaka vichakani.

Walikuja saa za kukamua. Nilimtambua Ndahani kwa mwendo, na nyuma yake mwanamke amejitanda kanga, ana mtoto mgongoni. Walisimama mbali, nje ya boma la miiba, kama wageni wasiojua kama watakaribishwa. Ndahani akatuamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Mkewe akapiga magoti, akasema shikamoo kwa wote. Nikataka kukimbia, lakini mama mkwe alikuwa ameshatangulia. Alitembea polepole mpaka pale, akamzunguka yule binti, akamtazama mtoto mgongoni. Njia ilikuwa imempaka vumbi jekundu, na nzi wawili walikuwa wametua kwenye pembe za macho yake.

"Mtoto ana vumbi usoni," akasema mama mkwe. "Leteni mtungi."

Nikauleta. Akaniomba kata, na alipokumbuka kwamba kata iko upande wake, akaifuata mwenyewe. Akamshusha mtoto mgongoni kwa mama yake, akampakata, akachota maji, akamnawisha uso. Akachota tena. Kisha akanitazama mimi, akachota mara ya tatu.